Themostati ya lori la dizeli: utajuaje muda wa kuibadilisha umefika, kabla fundi hajaichomoa akaitupa

Nianze na kosa langu mwenyewe maana ndilo lililonifundisha. Nilikuwa na Fuso, injini 6D16, kazi yake kushusha viazi na mbao Dar kutokea Njombe, kurudi inabeba saruji. Siku hiyo tunarudi, tumefika Mahenge hata mlima wa Kitonga hatujaugusa, mshale wa temperecha huo juu, maji yanatemwa njia nzima. Akaitwa fundi wa hapo hapo, kaja na spana namba 12 na bisibisi basi, kafungua, kachomoa themostati kaitupa majanini, akaniambia "bosi hii ni ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi". Tukajaza maji, gari ikapoa, tukapanda, nikampa hela yake na asante juu.

Miaka miwili baadaye ndo nikalipa bei yenyewe. Gari ilikuwa inakunywa mafuta mpaka nikahisi dereva ananiibia (nilimgombeza sana, na wala hakuwa anaiba), asubuhi inatoa moshi mweupe majirani wanafunga madirisha, oili kwenye dipstiki badala ya kupungua inapanda na inanuka dizeli, na kichekesho ni kwamba Kitonga bado ilikuwa inachemsha kila ikiwa na mzigo wa kushiba. Siku imefunguliwa Mbeya kwa ajili ya oveholi, mzee aliyekuwa anaifungua hakuuliza habari za pistoni wala nozeli, aliuliza "themostati yako iko wapi kijana?"

Kwa hiyo hapa sizungumzii kuitoa. Nazungumzia jinsi ya kujua kama imekufa kweli, ukiwa na sufuria, thermometa na akili yako, ili ukibadilisha uwe unabadilisha kitu kibovu na ukiiacha uwe unaacha kizima.

Kwanza ujue inafanya nini

Ni kidude kidogo kinakaa kwenye njia ya maji, kwa injini nyingi za lori kiko mbele juu pale mpira mkubwa wa juu wa rejeta unapoanzia kwenye injini. Ndani kina kikopo cha nta. Nta ikipata moto inavimba, inasukuma kijiti, vali inafunguka maji yanaenda rejeta, ikipoa springi inairudisha. Namba iliyogongwa juu yake, 76.5 au 82 au 88, ndo digrii ya kuanza kufunguka, na inamaliza kufunguka digrii 10 mpaka 15 mbele, yaani ya 82 utaikuta wazi kabisa kwenye 95 hivi. Kwa hiyo mshale kucheza kati ya 80 na 95 siyo ugonjwa, ndo kazi yenyewe.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui. Themostati nyingi za malori zina kisahani cha pili upande wa chini. Injini ikiwa ya baridi maji yanazunguka humo humo ndani kwa njia ya mkato, yanatoka hedi (kichwa cha injini) yanarudi wota pampu bila kupita rejeta. Vali ya juu ikifunguka, kile kisahani cha chini kinaziba njia ya mkato ili maji yote yalazimike kwenda kupoa. Ukiichomoa themostati ukaitupa, njia ya mkato inabaki wazi maisha, sehemu ya maji ya moto inarudi injini bila kuonana na rejeta. Ukiwa tambarare na gari tupu hutaona kitu, ila panda mlima na tani zako kwa gia ya pili, feni ndo inategemewa peke yake kwa sababu upepo wa mwendo hakuna, hapo ndo inachemsha. Watu wanasema eti bila themostati maji yanapita haraka sana kwenye rejeta hayapati muda wa kupoa, hiyo siyo sababu, maji yakipita mengi rejeta inatoa joto zaidi siyo pungufu. Tatizo ni yale ambayo hayapiti.

Na upande wa baridi je? Injini ya dizeli inayotembea kwenye digrii 55 au 60 muda wote haiunguzi mafuta yakaisha, dizeli inayobaki inaosha oili kwenye laina (kuta za silinda) na kushuka sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ringi za pistoni zinalika, nozeli na vali zinajaa masizi. Juu ya hapo mafuta yana salfa, na salfa ikikutana na unyevu kwenye silinda ya baridi inatengeneza asidi inayokula laina kimya kimya. Haikulazi njiani siku moja kama kuchemsha, ndo maana watu hawaiogopi.

Dalili, na zipi ni za themostati kweli

Inafeli kwa namna mbili kubwa na ya tatu ya kati.

Imekwama wazi: gari inachelewa sana kupata moto, mshale unafika robo ya geji unagoma hapo, ukishuka mlima kwa ekzosi breki (ile inayokaba moshi ili gari ipunguze mwendo) mshale unaporomoka mpaka chini kabisa kisha ukipanda unarudi. Hita ya kabini inapuliza vuguvugu, na mtu aliyewahi kulala Makambako mwezi wa 6 au wa 7 anajua hita ina umuhimu gani. Mafuta yanaongezeka. Kwenye magari ya kisasa yenye kompyuta inaweza kuwasha taa, gari ndogo zinaleta namba ya hitilafu P0128, malori makubwa joto la kulanti (maji ya dawa ya rejeta) linasomwa kwa namba SPN 110. Na zile zenye chujio la masizi kwenye ekzosi, injini isipofika joto lake chujio linashindwa kujisafisha linaziba, mwenye gari anauziwa chujio kumbe tatizo lilianzia kwenye kidude cha kiganja.

Imekwama imefungwa: hii ina haraka. Unawasha asubuhi, dakika kumi na tano za barabarani mshale unapanda bila kusimama, unapita katikati unaenda kwenye nyekundu hata kama ni tambarare na gari tupu. Ukigusa mpira wa juu wa rejeta unaukuta baridi wakati injini inaungua.

Ya kati ndo inasumbua: inafunguka nusu, au inafunguka kwa kuchelewa. Gari inaenda vizuri siku nzima, lakini kwenye mlima mrefu wenye mzigo inapanda taratibu mpaka unapaki. Au mshale unapanda juu unakutisha halafu ghafla unashuka wenyewe, tena unapanda, yaani vali inakwama kidogo kisha inaachia. Hii watu wanabadilisha rejeta nzima kabla hawajaifikiria themostati.

Kabla hujailaumu

Angalia haya kwanza maana yanafanana nayo kabisa, na nayapitia haraka tu.

Maji yapo? Gari ikiwa ya baridi, siyo ya moto, fungua mfuniko wa rejeta uone. Mfuniko wenyewe raba yake ikoje, mfuniko wa 0.9 (bar, ndo presha unayoishikilia) ukiwa mzima unafanya maji yasichemke mpaka karibu digrii 118 kwa usawa wa bahari, ukiwa umechoka maji yanachemka mapema na yanatoka nje hata kama themostati ni mpya ya jana. Rejeta kwa nje imejaa udongo na wadudu? Fenibelti inateleza? Feni yenye klachi ya mafuta, zima injini ikiwa ya moto uizungushe kwa mkono, ikizunguka laini kama pangaboi klachi imekufa. Breki zinakaba? Tairi moja likiwa linavutwa injini inabeba mzigo ambao haupo kwenye karatasi.

Halafu gasketi ya hedi. Gari ikiwa ya baridi jaza maji hadi juu, acha mfuniko wazi, mtu awashe: mapovu yakitoka mfululizo kama soda, au mpira wa juu ukawa mgumu ndani ya dakika moja mbili kabla injini haijapata hata joto, hiyo ni kompresheni, presha ya silinda, inaingia kwenye maji, na themostati hata uweke kumi hazitasaidia.

La mwisho ni geji yenyewe. Geji zinadanganya bana. Gari hizi zimezunguka Japani au Ulaya miaka mingi ndo zikaja kwetu, sensa ni ile ile na nyaya zimeshaungwa ungwa. Tafuta thermometa ya kulenga ile kama bunduki, siku hizi ziko Kariakoo na maduka ya vifaa vya umeme, piga kwenye nyumba ya themostati. Ila chuma kinachong'aa kinaipa hiyo thermometa namba ya chini kuliko ukweli, kwa hiyo bandika kipande cha utepe mweusi au paka rangi nyeusi isiyong'aa sehemu moja, upige hapo hapo kila siku.

Kipimo cha kwanza: barabarani

Usipime kwa kuacha injini inanguruma yadi. Dizeli ikiwa sailensi inatoa joto dogo sana, hata gari yenye themostati nzima inaweza kukaa nusu saa haijafika 70, ukaihukumu bure.

Anza na injini iliyolala usiku mzima. Andika saa uliyowasha. Ondoka ndani ya dakika mbili tatu, nenda kwa mzigo wa kawaida, bila kukanyaga sana. Kila dakika tano mwenzako aandike mshale uko wapi. Gari nzima itapanda bila kusita, ikifika eneo lake inatulia hapo, na ukiendelea nusu saa nyingine haisogei zaidi ya upana wa mshale. Kisha tafuta mlima wowote wa kueleweka, panda, tazama, geuka ushuke kwa ekzosi breki, tazama. Inapanda kidogo juu na kushuka kidogo chini, sawa. Inaporomoka chini mpaka kama gari imetoka kulala: imekwama wazi, au haipo kabisa na muuzaji hakukwambia. Ndiyo, ukinunua gari ya mtu hapa kwetu hilo la kwanza kuuliza, maana nusu ya hizi gari nyumba ya themostati ukiifungua unakuta hewa.

Kipimo cha pili: mpira wa juu

Hiki unakifanya bila kufungua kitu. Inua kabini, injini ya baridi, washa, na uwe na subira maana sailensi inachelewa kupata moto, hapa hupimi muda unangoja vali tu. Gusa mpira wa juu kwa mgongo wa mkono, mbali na feni, na nguo yenye mikono mirefu uivue kwanza, feni haina huruma. Kwa injini yenye themostati upande wa juu, mpira unatakiwa ubaki wa baridi wakati hedi inaendelea kupata moto. Halafu kuna dakika moja utausikia unapata moto ghafla, dakika chache tu unatoka vuguvugu mpaka hauguswi. Hiyo ndo vali imefunguka. Ukiwa na thermometa ya kulenga andika namba kwenye nyumba wakati huo, ukikuta karibu na ile iliyogongwa, ndani ya digrii 3 au 4, achana nayo ni nzima.

Kama mpira unapata joto taratibu pamoja na injini tangu mwanzo, haizibi. Kama nyumba ya themostati inasoma 98 na mpira bado wa baridi, haifunguki, au kuna hewa imejifungia humo ndani, au wota pampu haisukumi (mapanga yake yamelika au yameachia kwenye shafti). Tofautisha hivi: zima, subiri ipoe, toa hewa, jaza tena vizuri, rudia. Ikijirudia vile vile nenda kwenye sufuria.

Na ukishakuwa barabarani umesimama baada ya kupanda, piga mpira wa juu na wa chini. Mzigo ukiwa umekolea, tofauti ya kawaida huwa kama digrii 5 mpaka 10. Yote miwili ikiwa ya moto karibu sawa na bado inachemsha, themostati imefunguka, rejeta ndo haitoi joto, rudi kwenye feni na matope.

Baadhi ya injini zina themostati upande wa mpira wa chini, kwenye njia ya kuingilia wota pampu. Hapo mpira wa kuuchunga ni wa chini, wa juu utakudanganya.

Kipimo cha tatu: sufuria

Hiki ndo mahakama ya rufaa. Unahitaji sufuria ya zamani (usichukue ya kupikia wali, mabaki ya kulanti ni sumu), thermometa ya kuzamisha inayofika angalau 110, waya mwembamba, uzi, na jiko. Mimi napenda jiko la mkaa kwa sababu moto wake unapanda polepole, gesi ikiwa kali maji ya chini yanakuwa ya moto kuliko ya juu na thermometa inakusomea uongo.

Ukishaitoa, kabla ya kuzamisha iangalie kwa macho. Ishike juani. Ukiona mwanga unapita kwenye vali wakati ni ya baridi, imekwama wazi, hamna haja hata ya kuwasha mkaa. Raba ya pembeni imekatika? Kuna kutu nyekundu au gamba jeupe kama la birika? Springi imevunjika? Ile pini ndogo inayocheza kwenye tundu, tikisa, isikike inacheza, hiyo ni ya kupitishia hewa, ikiziba utahangaika na hewa kila ukijaza maji.

Sasa uzi. Hii nilionyeshwa na yule mzee wa Mbeya, na ni tamu kuliko kukodoa macho kwenye mvuke. Loweka themostati kwenye maji ya moto mpaka ifunguke, pitisha uzi kwenye mdomo wa vali, itoe iache ipoe, vali itaubana uzi. Ining'inize kwa huo huo uzi ndani ya sufuria yenye maji ya baridi, isiguse chini wala pembeni, thermometa iwe jirani yake nayo isiguse chini. Washa. Koroga taratibu kwa kijiti. Utaona kwanza vipovu vidogo vinatoka kwenye ile pini, maji 50, 60, 70, hakuna kitu, imening'inia tu. Halafu ghafla uzi unaachia, themostati inadondoka chini ya sufuria "tang". Soma thermometa sekunde hiyo hiyo. Hiyo ndo digrii ya kufunguka, siyo ya kukisia.

Ya 82 ikidondoka kati ya 80 na 84 ni nzima. Ikidondoka 70 inafunguka mapema, gari itakuwa ya baridi. Ikipita 88 bado imeng'ang'ania, itupe.

Usiishie hapo, ikamate kwa waya uiache kwenye maji mpaka yachemke, uichukue haraka upime vali imeinuka kiasi gani, kwa nyingi za malori ni milimita 8 mpaka 10 na kitabu cha gari yako ndo mwenye kauli. Ikiinuka milimita 4 tu ndo ile ya nusu nusu inayokuchemshia milimani. Kisha itoe kwenye maji uitazame inavyofunga ikipoa, ifunge yote, isibaki mdomo wazi hata wa ukucha.

Jambo moja kwa watu wa nyanda za juu: maji yanachemka mapema ukipanda juu, takriban digrii moja kwa kila mita 300. Mbeya ipo kama mita 1,700 kwa hiyo maji ya sufuria yanaishia 94 hivi, hata uweke magunia mawili ya mkaa. Themostati ya 82 utaiona inakaribia mwisho lakini ya 88 itaanza tu kufunguka, hutaiona ikimaliza. Usiitupe kwa sababu hiyo. Changanya kulanti nusu kwa nusu kwenye hayo maji, kiwango cha kuchemka kinapanda digrii kadhaa, ufanye kazi nje penye upepo.

Sasa uamuzi

Badilisha bila mjadala kama sufuria imekwambia imepita kiwango, kama vali inapitisha mwanga ikiwa baridi, kama raba au springi imekufa, au kama injini imewahi kuchemka sana mpaka ikazima. Hiyo ya mwisho watu wanaipuuza. Nta iliyopikwa kupita kiasi inaweza kuvuja au kubadilika, leo inafunguka vizuri kwenye sufuria na wiki ijayo inagoma katikati ya pori.

Badilisha pia hata kama bado nzima ukiwa tayari umefungua sehemu hiyo kwa kazi nyingine: wota pampu mpya, hedi imeshushwa, oveholi, au umekuta maji ya rangi ya chai ya rangi ukaamua kuosha mfumo mzima. Kazi ya kufungua umeshailipia, themostati bei yake haifiki hata robo ya tairi moja. Kwa gari zangu za safari ndefu naibadilisha kila mwaka wa tatu hivi pamoja na kulanti, hiyo ni sera yangu siyo ya kitabu. Na gari uliyonunua kwa mtu na historia yake huijui, weka mpya, ulale.

Injini yako ikiwa na themostati mbili, na zipo nyingi za namna hiyo, badilisha zote kwa mpigo. Wakati mwingine moja inaanza mapema kidogo kuliko mwenzake kwa makusudi, kwa hiyo soma namba ya kila moja na ujue ilikaa upande gani.

Usibadilishe kama vipimo vyote vitatu vimepita na gari bado inachemsha. Hapo unamtajirisha muuza spea tu. Wala usishushe namba, eti toa ya 82 weka ya 76 ili gari iwe ya baridi: themostati inaamua joto la chini la injini, joto la juu linaamuliwa na rejeta na feni. Rejeta ikishindwa mlimani, ya 76 na ya 82 zote zinakuwa wazi na zote zinachemsha sawasawa.

Kununua

Nenda na ya zamani mkononi, au na namba ya injini. Linganisha upana, urefu, kisahani cha chini kipo, namba ya digrii ni ile ile. Feki zipo nyingi, boksi linang'aa kuliko kitu kilichomo. Niliwahi kununua mpya imegongwa 82 ikadondoka kwenye uzi kabla ya 72, nikairudisha dukani muuzaji akanishangaa kwamba kuna mtu anapima themostati mpya. Pima mpya. Dakika ishirini na mkaa wa mia tano.

Kuifunga

Injini ipoe kabisa, ukifungua mfuniko wa moto utaungua uso, siyo utani. Kinga maji kwenye ndoo safi, mpaka yashuke chini ya nyumba ya themostati, siyo lazima yote. Bolti za nyumba kwa magari ya Kijapani mara nyingi ni spana 12, za Ulaya 13. Piga picha kwa simu kabla hujaitoa ili ukumbuke ilikaaje: upande wa springi na kikopo cha nta unaangalia injini, kwenye maji ya moto. Ukiigeuza itafunguka kwa kuchelewa au isifunguke kabisa. Ile pini ya hewa ikae juu, pale ilipo namba 12 kwenye saa ya ukutani.

Kwangua gasketi ya zamani bila kuchimba alumini. Weka gasketi au oringi mpya, na silikoni kama ni lazima iwe nyembamba kama karatasi, maana fundi akimwaga silikoni kama anaziba bati, inayobonyezwa ndani inakatika, inasafiri, inaziba rejeta. Kaza bolti kwa zamu, bolti za milimita 8 huwa zinataka kama 20 mpaka 25 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa mkono ni kukaza kwa spana fupi na kuacha, nyumba ya alumini inapasuka kirahisi.

Kujaza ndo wengi wanaharibu. Fungua hita iwe ya moto, kama kuna skrubu ya kutolea hewa ifungue, mimina taratibu mpaka maji yatoke bila mapovu, ifunge. Tumia kulanti na maji safi. Ya bomba yenye chumvi na ya mtoni yanaacha lile gamba la birika ambalo ndilo linalokwamisha vali. Usichanganye kulanti ya kijani na nyekundu kwa kuangalia rangi tu, nyingine zinagandana kama uji. Na kwa injini zenye laina zinazokaa kwenye maji, kulanti ya dizeli nzito ina dawa ya kuzuia laina zisitobolewe na mapovu, maji matupu hayana.

Ukikwama porini imefungwa

Usimwagie maji ya baridi injini inayotokota, hedi inapasuka. Zima, ngoja zaidi ya saa. Ukishaifungua ukathibitisha haifunguki, usiitupe majanini kama alivyofanya yule wangu. Ifungue vali kwa koleo, ikabe wazi kwa nati ndogo katikati ya vali na kiti chake, uifunge nati kwa waya isije ikaponyoka kuingia kwenye injini, kisha irudishe mahali pake. Hivyo kisahani cha chini kinabaki kimeziba njia ya mkato na maji yote yanapita rejeta. Injini itakuwa ya baridi kupita kiasi lakini utafika Iringa. Ukifika Iringa nunua mpya, usije ukasema "mbona inaenda vizuri" ukaiacha hivyo hivyo mwaka mzima.

Baada ya safari ya kwanza na themostati mpya, kesho yake asubuhi gari ikiwa ya baridi fungua mfuniko tena. Maji karibu kila mara yatakuwa yameshuka, hewa iliyokuwa imejificha kwenye hedi imetoka usiku. Ongeza, na kwenye chupa ubebe lita tano nyingine za kulanti iliyochanganywa tayari, tandiboi azikalie siti ya nyuma.